Jina Lisiloitikika: Kafiri, Mshenzi na Mpagani katika Historia ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mada ya jioni hii inahusu maneno matatu ambayo kila mmoja wetu ameyasikia na yamkini wengi wetu tumeyatumia: kafiri, mshenzi na mpagani. Naomba nianze na karatasi moja. Nyumbani kwangu ninayo nakala ya cheti cha ubatizo cha marehemu baba yangu. Limeandikwa humo jina jipya alilopewa siku ile, na mbele ya jina la babu yangu, mahali palipotakiwa kutajwa dini ya mzazi, pameandikwa neno moja tu: mpagani.

Babu hakupata kujiita hivyo hata siku moja. Alikuwa mtu wa matambiko, asiyepanda mbegu kabla ya kumtaja Mungu na wazee waliomtangulia, na aliogopa kiapo cha uongo kuliko alivyoogopa njaa. Baba alibatizwa, akavuka mstari, akamwachia mzee wake jina la mpagani. Miaka michache baadaye alihamia mji mmoja wa pwani kutafuta kazi, na huko ndiko alikopata habari kwamba yeye naye ni kafiri. Hivyo katika nyumba moja, ndani ya vizazi viwili, Kiswahili kilitoa majina mawili ya watu walio nje ya imani, na kila jina lilitolewa na mtu aliyekuwa na yakini kwamba yeye yumo ndani.

Je, majina haya ni matusi? Wapo wasemao la, hizi ni istilahi za dini kama zilivyo istilahi za udaktari au za sheria, na anayechukia kuitwa hivyo anachukia ukweli. Wapo wasemao ndiyo, ni matusi matupu, na yangefaa kufutwa katika kamusi na vitabu vya shule. Nakusudia kuonesha kwamba kambi zote mbili zinalitafuta jibu mahali lisipokuwapo. Tusi halikai katika mzizi wa neno, wala halikai katika maelezo ya kamusi. Hukaa katika uhusiano baina ya anayeita na anayeitwa, na uhusiano huo una historia inayoweza kufuatiliwa. Katika kuifuatilia nitatumia vipimo viwili. Cha kwanza nitakiita mlango: je, aliyepewa jina hili anaweza kutoka ndani yake? Cha pili nitakiita mwitiko: je, akiitwa kwa jina hili, anaweza kuitika?

2.0 Kafiri: kutoka kitendo hadi mtu

Katika Kiarabu mzizi wa neno kafiri una maana ya asili ya kufunika au kusitiri kitu. Maana hiyo haikufa kabisa hata katika Kurani: katika Sura ya 57, aya ya 20, neno la wingi litokanalo na mzizi huu hufasiriwa na wafasiri wengi kuwa ni wakulima, yaani watu wanaofunika mbegu kwa udongo. Kutokana na kufunika mbegu ikaja maana ya kufunika neema, yaani kukosa shukrani. Na kutokana na kukosa shukrani ikaja maana ya kuukana ukweli. Kwa hiyo kafiri, kwa umbo lake la Kiarabu, ni mtenda: ni mtu anayefanya jambo fulani, si mtu wa aina fulani.

Kiswahili hakikupokea neno moja. Kilipokea ukoo mzima: kafiri, ukafiri, kufuru, kukufuru, na pia kafara, ile sadaka ambayo kazi yake ni kuifunika dhambi. Ukoo huu umeenea katika lugha bila kujali mipaka ya dini. Biblia ya Kiswahili hutumia neno kukufuru kwa maana ya kumtukana Mungu, na Wakristo hulitamka bila wasiwasi wowote. Mkristo anayesema kwamba fulani amekufuru anatumia mzizi uleule unaomchoma anapoitwa kafiri. Jambo hili peke yake latosha kutuonya kwamba etimolojia haiwezi kutuamulia shauri hili.

Aidha, lipo dai ambalo hunijia mara kwa mara katika kazi za wanafunzi, kwamba neno hili lina dharau kwa sababu limewekwa katika ngeli ya wingi wa ma-, makafiri, badala ya ngeli ya watu ya m-/wa-. La hasha. Maneno mengi ya mkopo yanayotaja watu huchukua wingi huohuo: mahakimu, makarani, maimamu, maaskofu. Hakuna adhiriaye kuwa maaskofu wamedharauliwa na sarufi. Na kinyume chake, mshenzi na mpagani yamo katika ngeli ya m-/wa- kikamilifu, lakini heshima hiyo ya kisarufi haijayasaidia kitu.

Tukiziendea tendi kongwe tunakuta jambo la kuzingatia. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, adui wa Waislamu ni Herekali, mfalme wa Warumi wa mashariki. Herekali ni kafiri, lakini ni kafiri mwenye taji, majeshi na mawaziri. Hakuna anayemdhania kuwa mjinga au mtu wa porini. Neno hapo linataja upande wa vita na upande wa imani. Halitaji cheo cha utu, na bado halijaingia katika kazi ya kupima nani ni mtu kamili na nani si mtu kamili.

Lazima pia tutende haki kwa elimu ya dini yenyewe. Katika fikihi neno hili lilihitajiwa ili kupambanua hukumu za ndoa, mirathi na maziko, na lilikuwa na daraja ndani yake. Wayahudi na Wakristo walitajwa kuwa watu wa Kitabu na kuwekewa hukumu zao mahsusi. Zaidi ya hayo, mapokeo ya Uislamu yaliujua uzito wa neno hili mapema sana. Hadithi mashuhuri inaonya kwamba mtu akimwita ndugu yake kafiri, jina hilo humrudia mmoja wao wawili. Onyo hilo linahusu Mwislamu kumwita hivyo Mwislamu mwenzake, lakini kwa mwanaisimu lina funzo pana: wenye neno walijua kwamba kuita ni kitendo, na kwamba kitendo hicho kina dhamana.

Na watu wa pwani nao waliwaza juu ya neno lao. Ushahidi wake ni methali hii: Kafiri akufaaye si Isilamu asiyekufaa. Tuitazame kwa makini. Methali haiondoi mstari wa imani. Kafiri anabaki kafiri na Mwislamu anabaki Mwislamu. Inachofanya ni kuleta kipimo cha pili, kipimo cha kufaana, kisha kukiweka juu ya kile cha kwanza. Aliyetunga methali hii, na waliomrithi wakaihifadhi, waliishi jirani na watu wasio wa dini yao, wakakopeshana nao, wakauguzana nao, na wakaona kwamba jina haliwaelezi majirani hao kikamilifu. Huu ni uhakiki wa lugha uliofanywa na wenye lugha, tena muda mrefu kabla ya vyuo vikuu kuwapo katika sehemu hizi.

3.0 Mshenzi, Mnyika na mpagani: imani yageuzwa mahali

Neno mshenzi lina historia nyingine. Si neno la dini kwa asili yake, lakini katika karne ya 19 lilitembea bega kwa bega na kafiri hata yakakaribia kuwa kitu kimoja. Mtu wa bara ambaye hakusilimu, hakuvaa kanzu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, alikuwa mshenzi; kinyume chake alikuwa mwungwana. Tukisoma maandiko ya Waswahili wenyewe yaliyokusanywa na Carl Velten, Safari za Wasuaheli ya 1901 na Desturi za Wasuaheli ya 1903, tunaliona neno washenzi likitumika kwa utulivu kabisa, kama vile mtu anavyotaja mlima au mto. Mwandishi hakusudii kutukana. Anaeleza ulimwengu kama alivyofundishwa kuuona, na utulivu huo ndio unaopasa kutushtua kuliko hasira.

Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja katika karne hiyo, neno ustaarabu lilizidi kupata nguvu kando ya uungwana, nalo kwa asili yake ya Kiarabu linabeba wazo la kufanana na Waarabu. Kipimo cha utu kikaanza kupimwa kwa umbali: umbali kutoka msikitini, kutoka mjini, kutoka baharini. Kutokana na fikra hiyohiyo, jamii tisa zilizo nyuma ya Mombasa na Malindi ziliitwa Wanyika, yaani watu wa nyika. Jina hilo liliingia katika vitabu vya wamisionari na nyaraka za serikali, na likadumu hadi miaka ya 1940, wenyewe walipojichagulia jina la Mijikenda, yaani miji tisa. Nawaomba wanafunzi wautazame vizuri ubadilishaji huu. Walioitwa watu wa nyika walijibu kwa kujiita watu wa miji. Hawakubishana na tusi; walilipindua.

Neno mpagani lilikuja kwa njia ya Kanisa, lakini lilikuwa limepita njia hiyohiyo huko Ulaya karne nyingi kabla. Kilatini paganus kilimaanisha mtu wa kijijini. Kufikia karne ya 4, wakati Ukristo ulipokuwa umekwisha kushika miji ya dola ya Kirumi, Wakristo walilitumia neno hilo kwa mtu aliyebaki na ibada za zamani. Kwa maneno mengine, mpagani wa Rumi na Mnyika wa Mombasa ni ndugu wa kimaana. Katika lugha mbili zisizohusiana, mji uliopokea dini mpya uliigeuza imani kuwa jiografia, ukamwita asiyeamini kwa jina la mahali anapoishi, kisha ukalijaza jina hilo ujinga na uchafu ambao wenye mji hudhani unakaa shambani.

Hata hivyo, majina haya yalikuwa na mlango. Wapagazi wengi wa misafara waliotoka bara, ambao pwani waliitwa washenzi, waliporudi bara wakiwa wamevaa kanzu na kusema Kiswahili, walijiita waungwana. Huko mashariki ya Kongo jina hilo liliganda juu yao hata lugha yao ikaitwa Kingwana. Mlango haukuwa wazi kwa wote kwa kipimo kimoja. Mtumwa aliyesilimu hakuacha kuwa mtumwa kwa sababu hiyo. Lakini ulikuwapo, na mtu aliweza kuuvuka katika maisha yake mwenyewe.

Mmoja wa waandishi wakuu wa Desturi za Wasuaheli, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliishi kuuona upande wa pili wa upimaji huu. Alikuwa mwungwana, msomi, na alifundisha Kiswahili mjini Berlin. Aliporejea mwaka 1905 pamoja na mke wake Mjerumani, watawala wa koloni hawakumruhusu kushuka pamoja naye katika nchi yake mwenyewe. Kwa mizani ya Bagamoyo alikuwa amestaarabika kabisa. Kwa mizani ya dola ya Kijerumani hakukuwa na kanzu, elimu wala lugha ambayo ingemfikisha mahali pa kuhesabiwa sawa. Mizani ya mlango ilikuwa imekutana na mizani ya ukuta.

4.0 Neno lililopoteza mlango

Ukuta huo tunauona waziwazi tukilifuata neno kafiri lilivyosafiri kuelekea kusini. Wareno walipofika pwani yetu kuanzia mwaka 1498 walilisikia neno hili kwa mabaharia na wafanyabiashara Waislamu, waliolitumia kwa Waafrika wasio Waislamu. Wakalichukua, wakalitamka cafre. Kuna kinaya hapa ambacho hakipasi kutupita: kwa mujibu wa wale waliowakopesha neno, Wareno wenyewe walikuwa makafiri. Walikopa jina lililowahusu, wakalivua maana ya imani, wakawavisha watu wengine.

Kutoka kwa Wareno neno lilipita kwa Waholanzi na Waingereza wa Rasi ya Tumaini Jema. Huko lilifanywa jina la watu, hususan Waxhosa. Likawa jina la vita vya mpakani vilivyopiganwa baina ya 1779 na 1879. Na mwaka 1847 likawa jina la eneo la utawala, British Kaffraria. Nasi wanaisimu hatuna mikono safi. Mwaka 1899, huko Lovedale, ilichapishwa kamusi kubwa ya Albert Kropf ya lugha ya Kixhosa, na katika jina la kitabu hicho lugha yenyewe inaitwa Kaffir. Mtu alitumia miaka mingi ya maisha yake kuchambua vitenzi na nomino za watu kwa uangalifu mkubwa, kisha akaliweka tusi lao juu ya jalada.

Kufikia hapo maana ya dini ilikuwa imekwisha kumomonyoka yote. Tiyo Soga, Mxhosa, alipata daraja la uchungaji huko Uskoti mwaka 1856, akafasiri vitabu vya Kikristo kwa lugha yake. Huyu alikuwa mwamini kwa kila kipimo ambacho Kanisa lingeweza kumpimia. Lakini katika nyaraka za serikali ya Kikristo watu wake waliendelea kuitwa kwa jina ambalo asili yake ni asiyeamini. Kuamini hakukumtoa mtu katika jina hilo, kwa sababu jina lilikuwa limehama kutoka moyoni na kukaa katika ngozi. Hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Katika karne ya 20, na hasa wakati wa utawala wa ubaguzi, neno hilo likawa miongoni mwa matusi mazito kuliko yote nchini humo. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikataa arudishwe kazini mtumishi wa umma aliyemwita hivyo mkuu wake wa kazi. Mwaka 2018 mahakama nyingine ilimhukumu mwanamke mmoja kifungo cha miaka mitatu, mwaka mmoja ukiwa umeahirishwa, kwa kuwarushia neno hilo mara nyingi maofisa wa polisi. Mswahili anayekwenda huko na kulitamka neno hili kwa maana ya kitabuni atajikuta mahakamani kabla hajamaliza kueleza etimolojia.

Mifano miwili mingine itusaidie kuona kipimo cha mwitiko. Katika milima ya mashariki ya Afghanistan kulikuwa na nchi iliyoitwa na majirani zake Kafiristan, nchi ya makafiri. Amiri Abdur Rahman aliiteka mnamo 1895 na 1896, watu wake wakasilimishwa, na nchi ikapewa jina jipya la Nuristan, nchi ya nuru. Jina la kwanza walipewa na wengine, na jina la pili vilevile. Mara zote mbili hawakuulizwa. Kwa upande mwingine, huko Sri Lanka kuna jumuiya ndogo ya watu wenye asili ya Afrika, wengi wao Wakatoliki, ambao wazee wao walipelekwa huko wakati wa Wareno na wakoloni waliowafuata. Jumuiya hiyo hujulikana kwa jina hilihili la Kaffir, na wenyewe hujitambulisha kwalo bila kuona aibu. Sauti ni ileile iliyompeleka mtu gerezani kule kusini, ila hawa wanaitwa na wanaitika.

5.0 Dini zinapojirekebisha

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya siasa na ubaguzi wa rangi, na kwamba lugha ya dini haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya kuwaridhisha walio nje. Historia haikubaliani naye. Dini zimewahi kuyatazama upya majina yao, tena bila kuzivunja nguzo zao.

Kwa karne nyingi Wakatoliki, katika sala za Ijumaa Kuu, waliwaombea Wayahudi kwa kutumia kivumishi cha Kilatini perfidis. Wataalamu wa Kilatini walieleza kwamba katika lugha ya Kanisa la kale neno hilo lilimaanisha tu wasio na imani. Lakini katika lugha za Ulaya zilizozaliwa na Kilatini au kukopa kwake, neno hilohilo lilisikika kama wasaliti, watu wa hiana. Mwaka 1959 Papa Yohane wa 23 aliagiza liondolewe. Hoja ya wataalamu ilikuwa sahihi kwa upande wa kamusi. Papa alitazama kilichosikika, na waliokisikia walikuwa watu ambao miaka michache tu iliyotangulia mamilioni yao walikuwa wameuawa. Miaka sita baadaye, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha tamko la Nostra Aetate kuhusu dini zisizo za Kikristo, na msamiati rasmi wa Kanisa juu ya watu hao ukaanza kubadilika. Neno lililoandikwa katika cheti cha baba yangu lilizidi kuwa gumu kuandikwa.

Kwa upande wa Uislamu, mfano wa karibuni unatoka Indonesia. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2019, wanazuoni wa Nahdlatul Ulama, jumuiya ambayo wafuasi wake huhesabiwa kwa makumi ya mamilioni, walikutana katika mji wa Banjar, Java Magharibi. Walipendekeza kwamba raia wasio Waislamu wa nchi yao wasiitwe makafiri katika maisha ya kitaifa, bali waitwe kwa neno la Kiarabu lenye maana ya wananchi. Hawakufuta neno katika Kurani, wala hawakusema kwamba imani zote ni sawa. Walisema kwamba dola ya kisasa ina uhusiano mwingine kati ya mtu na mtu, na kwamba uhusiano huo unahitaji jina lake. Wapo waliowapinga vikali, na mjadala huo ni ushahidi kwamba neno bado lina uhai.

6.0 Mataifa, wasioamini na wasio na dini

Turudi nyumbani. Huenda mtu akadhani kwamba ufumbuzi ni kutumia maneno baridi zaidi. Biblia ya Tafsiri ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, inatumia neno Mataifa kwa wale wasio Wayahudi, na neno wasioamini kwa walio nje ya kanisa. Maneno haya yanaonekana hayana ubaya. Lakini chukua Mataifa. Taifa ni neno tunalolitamka kwa fahari katika siasa zetu. Tuna bendera ya taifa, na tunashiriki katika Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya baadhi ya waumini wa Tanzania, mtu wa mataifa ni yule ambaye hajaokoka, na husemwa kwa sauti ileile ambayo mababu wa pwani walisemea mshenzi. Hakuna neno lililo baridi kiasi cha kutoweza kupashwa moto.

Neno asiyeamini nalo lina tatizo lake. Ni umbo la ukanushi, na ukanushi daima una kitu kinachokanushwa. Haamini nini? Babu yangu aliamini. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitetea kwa nguvu kwamba Mwafrika wa jadi amezungukwa na dini katika kila hatua ya maisha yake. Kumwita mtu huyo asiyeamini, au asiye na dini, si tusi tu. Ni kosa la taarifa. Kwa upande mwingine, wapo leo watu ambao kwa hiari yao husema hawana dini. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 755,750 katika kundi la wasio na dini na wasioamini kuwapo kwa Mungu. Hao huitika wakiitwa wasio na dini, kwa sababu ndivyo wasemavyo wenyewe. Lakini akiitwa mkana Mungu, mmoja wao aweza kukataa, akisema kwamba kukana ni kumkataa unayemjua. Hivyo neno moja ni kweli kwa huyu na ni uongo kwa babu yangu, na hakuna kamusi inayoweza kutupunguzia wajibu wa kuuliza.

Wajibu huu si wa darasani peke yake. Kuanzia miaka ya 1980 Tanzania ilishuhudia kuenea kwa mihadhara ya hadhara ya kulinganisha dini, ambamo vitabu vya dini moja vilitumika kuipinga nyingine mbele ya makundi ya watu. Februari 1998, huko Mwembechai, Dar es Salaam, mvutano uliohusu mihadhara hiyo na madai ya kashfa uliishia kwa risasi na watu kupoteza maisha. Sisemi kwamba neno kafiri ndilo lililoua; mgogoro ule ulikuwa na mizizi mingi. Nasema kwamba tuna uzoefu wa kutosha wa kujua kwamba maneno ya dini yanapotoka kitabuni na kupanda juu ya kipaza sauti hayabaki kuwa istilahi. Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu, katika kifungu cha 129, huliona kuwa kosa tendo la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Sheria huuliza nia ya msemaji. Isimu haina budi kuongeza swali la msikilizaji.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba majina ya wasioamini yamepita hatua tatu. Katika hatua ya kwanza jina hutaja tendo, yaani kukana au kukubali. Katika hatua ya pili hutaja mahali na cheo, yaani nyika na mji, ushenzi na uungwana. Katika hatua ya tatu hutaja umbile, na hapo mtu hawezi tena kufanya lolote ili kutoka. Uzito wa tusi huongezeka kadiri mlango unavyozidi kufungwa. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: jina la aina hii si tusi pale linapobaki katika mazungumzo ya waumini juu ya imani yao wenyewe, huwa tusi pale linapotumiwa kumwita mtu ambaye hawezi kuliitika bila kujikana.

Kutokana na hayo nina mapendekezo matatu. Kwanza, maneno haya yasifutwe katika kamusi. Kamusi inayoficha tusi inamwacha mgeni alitamke bila kujua, na inamnyima mwanahistoria ushahidi wake. Bali kila neno liandikwe maana yake ya kidini, kisha ieleze waziwazi kwamba likielekezwa kwa mtu ni dharau. Pili, walimu na wanahabari, wanapotaja watu wa imani nyingine, watumie majina ambayo watu hao hujiita. Kama hawayajui, waulize. Kuuliza hakuhitaji ruzuku ya utafiti. Tatu, wanafunzi wetu wa isimu wakusanye maneno haya kwa waumini na kwa walioitwa vilevile, kwa maana hadi sasa tumeandika zaidi upande wa waitaji.

Lugha yetu haijapungukiwa na majina yanayoitikika. Waindonesia walitafuta neno la kuwataja majirani zao kwa uhusiano wa nchi. Sisi tunalo, nalo ni mwananchi. Tunalo neno jirani. Tunalo neno ndugu, ambalo katika siasa za kudai uhuru lilitumika kumwita Mwislamu, Mkristo na mtu wa matambiko bila kumwuliza dini yake, na wote wakaitika. Aliyetunga methali ya kafiri akufaaye alikuwa amekwisha kuiona njia hii. Kilichobaki kwake kilikuwa kuliacha neno la kwanza na kumwita mtu huyo kwa kile alichomfaa.

Cheti cha baba yangu sijakifuta neno lolote. Nimekihifadhi kama kilivyo, kwa kuwa ni waraka wa historia. Ila nyuma ya nakala yangu, kwa mkono wangu, nimeandika jina la babu na jina la Mungu aliyekuwa akimtaja kabla ya kupanda.